NCHA YA MSHALE
Mishale mitatu ya mzee wa Kiritiri, na swali la paa



 

Makala hii ilianza kama ubishi. Tulikuwa hapa Kiritiri, baada ya tarawehe, tumekaa nje ya msikiti tukinywa uji. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye mama yake alisilimu kabla yeye hajazaliwa, akauliza: "Ustadh, guka yangu alikuwa mwindaji. Alikuwa akiua paa kwa upinde, na mama amelelewa kwa hiyo nyama. Sasa hiyo nyama ilikuwa halali ama ilikuwa mzoga?"

Kabla Ustadh hajajibu, mwenzake akadakia: "Mzoga! Mshale si ni kijiti tu kinachopiga kama jiwe? Na mnyama aliyekufa kwa kipigo haliwi, iko kwenye Suratul Maida." Wa tatu naye akasema, "Wacha wewe! Mshale haupigi, mshale unakata. Ni kisu kinachoruka."

Ubishi ukawaka. Ustadh akawaacha kwa muda, halafu akawauliza jambo moja: "Nyinyi nyote mnautolea mshale hukumu. Ni nani kati yenu amewahi kuushika?"

Kimya. Tunaishi Mbeere, nchi ya wapiga upinde tangu jadi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameshika mshale. Basi tukakubaliana kesho yake, baada ya Alasiri, twende kwa mzee mmoja jirani yetu ambaye ujana wake ulipita porini na podo begani.

MISHALE MITATU

Mzee huyo si Mwislamu, lakini alipotuona alisukuma kikombe chake cha chai pembeni ili asinywe mbele ya watu waliofunga. Tukamweleza shida yetu. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na upinde na mishale mitatu, akaipanga juu ya kigoda.

Wa kwanza ulikuwa wa mti mtupu, na mbele yake una kirungu butu badala ya ncha. "Huu ni wa watoto," akasema, "wa kupigia ndege." Wa pili ulikuwa na kigumba cha chuma, chenye ncha kali na makali pande mbili. Wa tatu ulikuwa na kijiti chembamba kilichochomekwa mbele, na juu yake umezungushwa ukanda wa ngozi uliokauka. "Huu ulikuwa wa dawa," akasema. Maana yake, sumu. Kwa sasa haukuwa na kitu, ni kumbukumbu tu.

Ndugu msomaji, jibu la swali la kijana wetu lilikuwa limelala pale kwenye kigoda. Ila ili tulisome, lazima kwanza tujue mshale unafanyaje kazi.

NCHI YA UTA

Mbeere ni sehemu ya chini ya Embu, kavu na yenye joto, inayoteremka kuelekea mto Tana. Kabla ya mabwawa ya umeme na kabla ya mashamba ya muguka, huku kulikuwa na mbuzi, mizinga ya nyuki, mtama na wanyamapori wengi. Ng'ambo ya Tana wako Wakamba, nao walijulikana kote kwa upinde. Wakamba hao ndio walioongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa katika karne ya 19, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilianza safari yake kwenye ncha ya mshale. Kwa hivyo tusiseme kwamba pwani na huku bara hatukujuana. Hata neno ni moja: Kiswahili cha zamani huuita upinde "uta", na Wakamba na Wakikuyu pia wanasema uta.

Tena mwindaji alikuwa mtu wa utaratibu. Kwa Wakamba, mtu alitia alama yake kwenye mshale, ili mnyama akianguka ijulikane ni wa nani na ubishi uishe.

NGUVU KIDOGO SANA

Mzee alimpa kijana mmoja upinde auvute. Alihema! Tuchukue upinde wa kadiri, unaohitaji nguvu kama ya kuinua mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20, na unavutwa kwa sentimita 60. Mwanzo wa mvuto ni mwepesi na mwisho ni mzito, kwa hiyo wastani ni kama nusu. Ukipiga hesabu, kazi uliyoifanya ni jouli 60 hivi. Hiyo nishati imelala kwenye mti uliopinda, inangoja.

Ukiachia, si yote inayoingia kwenye mshale. Nyingine inabaki kwenye mti na ugwe, ndiyo maana upinde unatetemeka na ugwe unalia. Tuseme theluthi mbili imefika, yaani jouli 40. Mshale wa gramu 30 ukipewa nishati hiyo unatoka kwa kasi ya karibu mita 50 kwa sekunde, sawa na kilomita 180 kwa saa. Matatu inayokimbia kwa kasi inayoruhusiwa na sheria, kilomita 80 kwa saa, haifiki hata nusu yake.

Kasi ni kubwa, sawa. Lakini jouli 40 ni nini? Chukua pakiti mbili za unga, za kilo mbili mbili, uziangushe kutoka urefu wa mita 1. Hiyo ndiyo jouli 40. Zikikuangukia mguuni utasema "aah!" na utaendelea na shughuli zako. Risasi ya bunduki ya .303 waliyotumia askari wa kikoloni ilibeba zaidi ya jouli 2,000, mara 50 ya mshale wetu.

Je, sasa pakiti mbili za unga zinaangushaje paa? Huyo kijana aliyesema mshale ni kijiti tu alikuwa na haki ya kushangaa.

SIRI IKO NCHANI

Wale waliolelewa pwani wanakijua kisa cha Fumo Liongo, shujaa wa nchi ya Ozi na Pate, mpiga upinde asiyeshindika. Kisa kinasema hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na ndivyo alivyouawa kwa hiana ya mtu wa damu yake. Akaenda akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafia hapo, na watu wakaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Ni hadithi ya wazee, lakini angalia walichochagua wazee hao kumwangusha jitu: si rungu, ni sindano.

Mshale wenye jouli 40 ukiingia mwilini na kusimama baada ya sentimita 20, maana yake njiani ulikuwa ukisukuma kwa nguvu ya wastani ya kilo 20. Ni ule mtungi wetu wa maji, lakini sasa umesimama juu ya ncha ya sindano. Ngozi gani itastahimili? Nguvu haijaongezeka hata kidogo. Imekusanywa tu mahali pamoja.

Sasa chukua ule mshale wa watoto, wenye kirungu butu cha upana wa sentimita mbili na nusu. Uso wake ni karibu mara 500 ya ncha ya milimita 1 ya mraba. Nguvu ile ile imesambazwa mara 500. Hauingii. Unavunja mfupa mwembamba, unavilia damu, ndege anakufa kwa kishindo. Huo kweli unapiga kama jiwe.

Na baada ya ncha kuna makali. Ncha inafungua mlango, makali yanapanua kwa kukata nyama na mishipa. Tena umbo la mshale lenyewe linasaidia: uzito wote umepangwa kwa mstari mmoja nyuma ya ncha. Jiwe la gramu 30 lina uzito huo huo, lakini linakuja na uso mpana. Mshale ni kama watu waliopanga safu moja wakisukuma mlango mwembamba, kila aliye nyuma anamsukuma wa mbele yake.

Haya yalionekana wazi kwenye historia ya Waislamu. Mwaka wa 31 Hijria (651 hadi 652), jeshi la Waislamu kutoka Misri, likiongozwa na Abdullah bin Sa'd bin Abi Sarh, liliuzingira mji wa Dongola wa Wanubi, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Wapiganaji walikuwa na ngao na mavazi ya kujikinga. Wanubi hawakuhangaika na hayo, walilenga macho. Wengi wakarudi wamepoteza jicho, na Waarabu wakawaita Wanubi "wapiga mboni za macho". Mwisho wake ulikuwa ni mkataba, ule unaoitwa Baqt, uliodumu kwa karibu karne sita. Wenzetu wa bonde la Nile walijua kwamba kama huna nguvu ya kutoboa kila kitu, tafuta pale ambapo nguvu kidogo inatosha.

SAFARI YA ANGANI

Ncha kali haina maana kama mshale hautafika umenyooka. Na kunyooka kwenyewe si rahisi. Unapoachia ugwe, mshale unasukumwa kwa ghafla kutoka nyuma, nao unapinda kama ufito. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Marekani, Clarence Hickman, alitumia filamu za kasi kubwa kuonyesha kwamba mshale huuzunguka upinde kwa kujipinda kama nyoka, kisha unaendelea kujipinda huku na huku hadi utulie. Mti wake ukiwa laini mno kwa upinde huo, au mgumu mno, unakwenda kombo. Mzee wetu hakuwahi kuona filamu hiyo, lakini alituonyesha vile alivyokuwa akiupinda mti wa mshale kwa vidole kabla ya kuukubali. "Mti wa upinde wa mwingine si wa upinde wako," akasema.

Kinachoutuliza mshale ni manyoya ya nyuma. Mshale ukianza kugeuka ubavu, upepo unayashika manyoya na kuyarudisha nyuma, na kichwa chenye uzito kinatangulia. Ukiyatoa manyoya, mshale unaweza kufika kwa ubavu. Tafadhali likumbuke hili neno ubavu, tutalihitaji.

Halafu kuna kushuka. Kitu chochote kilichorushwa kinaanguka tangu kinapoachiwa. Mshale wetu wa mita 50 kwa sekunde, ukilengwa sawasawa bila kuinuliwa, utakuwa umeshuka sentimita 80 hivi ukifika mita 20. Ukifika mita 30 umeshuka mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Ukifika mita 60 umeshuka mita 7. Angalia hapo: umbali umeongezeka maradufu, kushuka kumeongezeka mara nne. Na hapo hatujahesabu upepo, wala vile hewa inavyoupunguzia kasi. Ndiyo maana mwindaji wa Mbeere hakuwa mtu wa kupiga mbali. Alikuwa mtu wa kunyemelea, kujua upepo unatoka wapi, na kungoja. Kazi kubwa ya upinde ni subira.

BADR NA UHUD

Na hapa, ndugu yangu katika Ramadhani, tukumbuke tarehe 17 ya mwezi kama huu, mwaka wa 2 Hijria (624), siku ya Badr. Waislamu walikuwa 300 na kidogo, mishale yao ya kuhesabika. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza swahaba zake wasirushe mpaka maadui wawakaribie, na waitunze mishale yao. Piga hesabu ya hapo juu uone hekima yake. Kwa mita 100 mshale unachukua zaidi ya sekunde mbili hewani, lazima urushwe juu, na ukifika umechoka. Kwa mita 20 unachukua chini ya nusu sekunde, na bado una nguvu zake zote. Wenye mishale michache hawana ruhusa ya kuipoteza kwa hamaki.

Mwaka uliofuata, Shawwal mwaka wa 3 Hijria (625), ikaja Uhud. Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamrisha wasiondoke, washinde wenzao au washindwe. Kazi yao ilikuwa kuzuia farasi wasipite nyuma ya jeshi. Tufanye makisio. Farasi anayekimbia kilomita 40 kwa saa anakata mita 100 kwa sekunde 9. Kama kila mpigaji anarusha mshale mmoja kila sekunde 5, basi katika hizo mita 100 farasi wanakutana na mishale karibu 100, ikitoka juu, ikiwaelekea farasi wasio na ngao. Hakuna kamanda mwenye akili atakayepita hapo. Na kweli, wapanda farasi wa Khalid bin al-Walid, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, hawakupita.

Mpaka wengi wa wale 50 walipoona ngawira na kuteremka. Mlango ukafunguka, Khalid akazunguka, na yaliyotokea tunayajua. Upinde haukuwa na kasoro, wala mishale. Kilichokosekana ni watu kukaa mahali pao.

SHERIA INAJUA NCHA

Turudi kwa paa wetu. Swahaba Adiyy bin Hatim (R.A.), mtu aliyependa uwindaji, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kuwinda kwa kitu kinachoitwa mi'radh. Baadhi ya wanazuoni wa lugha wanaeleza kwamba ni mshale usio na manyoya, wenye uzito katikati, ambao mara nyingine hufika kwa ubavu. Jibu alilopewa, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, maana yake ni hii: ukimpata mnyama kwa makali yake, kula. Ukimpata kwa ubavu akafa, usile, kwa sababu huyo amekufa kwa kipigo.

Subhanallah! Ule ubishi wetu wote wa nje ya msikiti uliamuliwa takriban miaka 1,400 iliyopita, na uliamuliwa kwa jambo lile lile tulilolipigia hesabu. Sheria haikuuliza nguvu ilikuwa kiasi gani, wala silaha iliitwaje. Imeuliza: iliingia kwa makali, ama iligonga kwa upana? Mshale mmoja, mtu mmoja, siku moja, unaweza kuwa na hukumu mbili kwa sababu ya vile ulivyofika.

Kwa hiyo tuitazame tena ile mishale mitatu. Wa kirungu: kijana wa kwanza alisema kweli, huo unapiga, na ndege aliyekufa kwao bila kuwahiwa kuchinjwa ni mzoga. Wa kigumba: yule wa pili naye alisema kweli, huo unakata, na mnyama wake ni halali kwa masharti yake, yakiwemo kutaja jina la Allah wakati wa kurusha, na kumchinja ukimkuta bado yu hai. Wote wawili walikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa na mshale wake kichwani.

MSHALE WA TATU

Sumu ya mishale ya huku kwetu hutokana na mti wa msunguti. Ndani yake mna kitu ambacho wanasayansi hukiita ouabain, neno lililotokana na jina la Kisomali la sumu hiyo, waabaayo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888. Ikiingia kwenye damu, inavuruga pampu ndogo ndogo zinazopitisha chumvi kwenye chembe za moyo, na moyo unapoteza mpigo wake hadi unasimama. Kwa kipimo kidogo sana, madaktari wa Ulaya waliitumia kwa miaka mingi kama dawa ya moyo. Tumboni hainyonywi vizuri, ndiyo maana wawindaji walikula nyama baada ya kukata sehemu ya jeraha. Ule ukanda wa ngozi ulikuwa wa kuifunika dawa isikauke, na wa kumkinga mwenyewe. Vijana, huu si mti wa kuchezea. Mkwaruzo mmoja unaweza kukumaliza.

Sumu inabadilisha kazi ya mshale. Hauhitaji tena kukata hadi moyoni, unahitaji tu kupita ngozi. Lakini ngozi ya ndovu ina unene wa sentimita mbili au zaidi, na ndiyo maana Wawaata wa nyika ya Tsavo, wale walioitwa Waliangulu, walitengeneza pinde zinazohitaji mvuto wa zaidi ya kilo 45. Huo ni zaidi ya mara mbili ya upinde wetu wa hesabu.

Kisheria, je? Hapa wanazuoni wameangalia mafundisho mengine aliyopewa Adiyy: mnyama uliyemrushia akaanguka majini akafa, usimle, kwa kuwa hujui ni mshale uliomuua au ni maji. Kwa mfano wa hilo, wanafiqhi wa madhehebu ya Shafii na Hanbali wamesema mnyama wa mshale wa sumu haliwi ikiwa sumu ilisaidia kumuua, kwa sababu sababu mbili zimechanganyika. Mwenye swali zaidi amwone sheikh wake.

UPINDE ULIPOWEKWA CHINI

Mwaka 1906 Waingereza walileta jeshi Embu na kufungua kituo chao. Mikuki na mishale ikakutana na bunduki. Mwaka 1914 Wagiriama nao waliwakabili askari kwa mishale kule pwani. Hesabu tumeshaiona, jouli 40 kwa 2,000, na bunduki inaua kutoka mbali ambapo mshale umeshaanguka. Ushujaa haukupungua, ila umbali ulibadilika.

Kisha mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza zaidi. Kwa hiyo hata kama kigumba ni kikali na bismillahi imetajwa, kwenda porini leo kumuua paa ni kuvunja sheria ya nchi. Hilo lisichanganywe na hukumu ya mshale.

Lakini upinde wenyewe haujafa. Mwaka 2016, kwenye ufunguzi wa michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa mpiga upinde, dada Shehzana Anwar. Katika mchezo huo wapigaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu, mfano wa kisahani cha chai. Mtume (S.A.W.) alihimiza kujifunza kurusha mishale, na akakataza kabisa kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Basi kijana akitaka upinde, ubao wa shabaha upo, na hakuna paa anayeumia.

JIBU LA USTADH

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, tukasimama kuaga. Yule kijana wa kidato cha tatu bado alikuwa na swali usoni. Akamuuliza mzee, "Guka, wewe na wenzako mliwinda kwa mshale upi?" Mzee akasema, "Yote mitatu, mjukuu wangu. Ilikuwa ni njaa."

Njiani Ustadh alimshika bega. Akamwambia, "Guka yako hakuwa Mwislamu, na mama yako alikuwa mtoto analishwa na babake. Hukumu ya mshale umeijua, itakufaa wewe. Lakini usiirudishe nyuma kuwapiga nayo waliokulea. Uislamu umeyafuta yaliyotangulia." Kijana hakusema kitu. Baada ya futari nilimwona pembeni akiongea kwa simu, na nikasikia akisema, "Mama, nilishika mshale leo."

Jambo moja la mwisho. Mzee alipokuwa akitupa mishale tuitazame, hakutuelekezea ncha hata mara moja. Kila mshale aliufumbata kichwani kwa kiganja chake, akatupa upande wa manyoya. Ustadh akatutazama, kwa sababu ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyoagiza: anayepita na mishale misikitini mwetu au sokoni mwetu ashike vichwa vyake kwa mkono, asije akamjeruhi mtu. Mzee wa Mbeere alifundishwa na babake, sisi tumefundishwa na Mtume wetu, na wote waliofundisha walijua kwamba ncha ndogo haihitaji nguvu nyingi.

Kuna ncha nyingine tunatembea nazo sokoni na msikitini, hasa ndimi na simu zetu. Mwezi huu tuzishike kwa kiganja.

Allah atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu. Amin.